Shajara ya ukuta wa silikanti: vigae vidogo kwenye mabomba ya shule, Tanga

7 Juni 2025. Ukuta, samaki na hesabu

Naiandika shajara hii kwa ajili ya yeyote atakayetaka kupamba ukuta kwa vipande vidogo vya vigae. Bei nilizoweka ni za Tanga na Dar es Salaam za mwaka 2025. Majaribio yaliyoshindwa nimeyaeleza kwa urefu kuliko yaliyofaulu, maana ndiyo yanayokula fedha.

Ukuta uko uani kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu, na bahari haiko mbali. Ni wa matofali ya simenti uliopigwa plasta miaka mingi iliyopita. Chini yake yamepangwa mabomba ambapo watoto hunawa kabla ya uji. Sehemu ya kupamba ina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.

Watoto walipoulizwa wanataka picha gani, walimtaja silikanti. Hapa Tanga samaki huyu si wa kwenye vitabu tu. Wavuvi wa jarife, nyavu za kuvulia papa, wamekuwa wakimnasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa 2009. Wanasayansi walidhani ametoweka zama za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa kazi ya vipande vidogo simjui samaki anayemfaa fundi kuliko huyu. Ana magamba makubwa, rangi yake ni buluu ya chuma, na madoa yake meupe hayafanani kwa samaki wawili, kiasi kwamba watafiti humtambua kila mmoja kwa madoa yake.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya vipande. Kipande cha milimita 20 chenye mwanya wa milimita 2 kinahitaji vipande 2,066 kwa mita ya mraba. Kipande cha milimita 10 chenye mwanya wa milimita moja na nusu kinahitaji 7,561. Upande umepungua kwa nusu tu, lakini idadi imepanda karibu mara nne, na muda wa kukata na kubandika unapanda nayo. Samaki wetu atakuwa na urefu wa mita 1.6, kwa hiyo atachukua kama nusu mita ya mraba. Kwa vipande vya milimita 10 hiyo ni kama 3,800. Bahari inayomzunguka ni mita za mraba 1.9, na kwa vipande vya milimita 20 inakuwa kama 3,900. Yaani samaki peke yake ni kazi sawa na bahari yote. Nimekubali hivyo kwa sababu jicho la mtazamaji litatua kwa samaki, na kipande kikubwa hakiwezi kupinda na mdomo wala pezi.

14 Juni. Kuchagua vipande

Mafundi wa vigae hapa mjini wanatupa mabaki mengi, na ukizunguka kwenye majengo yanayomaliziwa unapata gunia zima kwa shilingi 10,000. Nilichukua magunia mawili. Nilipoyamwaga nikakuta aina mbili zilizochanganyika, na kuzitenganisha ndiyo kazi ya kwanza ya maana.

Kigae cha ukutani kina uso wa kung'aa na tumbo laini jeupe au jekundu. Kigae cha sakafuni cha kauri ngumu ni kizito, na tumbo lake lina rangi moja mpaka ndani. Ukipata shaka, dondosha tone la maji mgongoni mwa kigae. La ukutani linanywewa papo hapo, la kauri ngumu linabaki juu. Nilipima pia kwa mizani ya jikoni. Kipande cha ukutani cha gramu 400 kilicholala ndani ya maji usiku kucha kiliamka na gramu 462. Cha kauri ngumu cha gramu 700 kilifika 702.

Kwa sebuleni tofauti hiyo haina neno. Kwa ukuta unaorushiwa maji kutwa nzima karibu na bahari, ina neno kubwa. Kigae kinachokunywa maji hukunywa na chumvi iliyomo. Maji yakikauka chumvi inabaki na kuganda, inasukuma rangi ya juu kutoka ndani, na uso unaanza kupasuka mistari myembamba kama nywele. Mistari hiyo ikishaingia uchafu haitoki tena. Vigae vya ukutani nimevirudisha vyote, ingawa ndivyo vyenye rangi nzuri na ndivyo vinavyokatika kwa urahisi.

Kwa samaki nimechagua vioo vidogo vya milimita 20 vinavyobandikwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Havinywi maji kabisa na vyote vina unene wa milimita 4. Vinauzwa vikiwa vimebandikwa kwenye wavu, 225 kwa karatasi moja, na kila kimoja kinagawanyika vinne. Karatasi moja basi inatoa vipande 900 usipopoteza kitu, ingawa lazima utapoteza. Niliagiza Kariakoo karatasi sita za buluu tatu tofauti, moja nyeupe na moja ya kijani iliyoiva, kwa shilingi 9,000 kila moja, jumla 72,000. Mzigo kwa basi ulikuwa 7,000. Bahari yote kwa vioo ingehitaji karatasi nyingine kumi na nane, yaani 162,000 zaidi. Ndiyo sababu bahari itakuwa ya mabaki ya kauri ngumu.

21 Juni. Kukata

Koleo la kawaida la fundi umeme halifai. Linabana kioo mahali pamoja na kukisaga. Linalohitajika ni koleo lenye magurudumu mawili madogo ya chuma kigumu yanayotazamana. Unaliingiza nusu ya upana wa kipande tu, unabana polepole, na ufa unakimbia wenyewe mpaka ng'ambo. Bei 45,000. Ndicho kifaa ambacho singekikwepa hata fedha zingepungua.

Kioo kilikubali. Kauri ngumu ilikataa. Ukikabidhi kigae kizima kwa koleo, ufa unakwenda unakotaka, na kati ya vipande kumi unaambulia vitatu vyenye umbo. Nilijaribu kukwaruza mstari kwanza kwa mashine ya mkono ya kukatia vigae. Vipande vipana vilikatika vizuri, lakini ukanda mwembamba wa milimita 20 ulivunjika katikati karibu kila mara. Suluhisho lilitoka kwa fundi mmoja mzee wa hapa. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu alichukua kigae, akakigeuza, akasema, "Mwanangu, huyu mpe maji na diski, usimpe nguvu." Alikata mikanda yote kwa mashine ya diski yenye maji kwa shilingi 40,000. Kisha mimi nikakatakata mikanda hiyo kwa koleo, na hapo kauri ikatii, kwa sababu ufa hauna pa kupotelea ndani ya ukanda wa milimita 20.

Kuhusu usalama sipunguzi neno. Vaa miwani tangu kipande cha kwanza, maana vipande vya kioo vinaruka usawa wa macho. Kauri ngumu ikikatwa kavu inatoa vumbi lenye silika, na vumbi hilo likikaa mapafuni halitoki. Kata kwa maji, vaa barakoa, na usifagie sakafu kavu jioni. Mwagia maji kwanza, kisha zoa. Hapa watoto wanatembea pekupeku, kwa hiyo ukataji wote nimeufanyia nyumbani. Miwani na barakoa vimegharimu 18,000.

28 Juni. Vibao vya majaribio

Nilitengeneza vibao vidogo kadhaa vya simenti, ukubwa wa daftari, ili kila swali lijibiwe pale kabla halijafika ukutani. Mbao, gundi ya mbao na wavu wa nyuzi za kioo vilikula 15,000. Sijutii hata senti.

Swali la kwanza lilikuwa njia ya kubandika. Watu wengi hubandika vipande juu ya wavu kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha wavu mzima unapachikwa ukutani. Ni rahisi, unafanya kazi mezani ukiwa umekaa. Kibao hicho nilikizamisha kwenye ndoo ya maji. Siku chache baadaye gundi ililainika ikawa maziwa tena, na vipande vikatoka kwa kidole. Gundi ile haivumilii maji ya kudumu, na pale inapotapakaa mgongoni mwa kipande inazuia simenti kukishika. Kwa fremu ya ndani ya nyumba sawa. Kwa mabomba, hapana.

Njia ya kinyume ilifaulu. Vipande vinabandikwa uso chini kwenye karatasi ya kaki kwa uji mzito wa unga wa ngano. Karatasi inapachikwa ukutani migongo ikielekea gundi ya simenti, kisha karatasi inalowanishwa na kubanduliwa. Faida yake kubwa ni usawa. Mabaki yangu ya kauri yana unene wa milimita 8 hadi 10, na kwa njia hii nyuso zote zinalala usawa mmoja, tofauti inajificha nyuma. Mtoto akipitisha mkono hakuna ncha.

Ila uji wa ngano unapendwa na wengine pia. Sinia la kwanza lilivamiwa na sisimizi usiku, na vipande vikapatikana vimeachia karatasi. Nilisimamisha miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, na nikaongeza siki kidogo kwenye uji dhidi ya ukungu. Tatizo likaisha.

Swali la pili ni rangi ya gundi. Kioo kinapitisha mwanga. Kwenye kibao cha gundi ya kijivu, buluu yangu ya kati ilikufa, ikawa rangi ya mvua. Kwenye gundi nyeupe ilibaki vilevile ilivyokuwa mkononi. Mfuko wa gundi nyeupe wa kilo 20 ni 32,000, ghali kuliko wa kijivu, na kwa kioo hakuna mjadala.

Swali la tatu ni grauti ya kujazia mianya. Nilijaza nyeupe, kijivu na nyeusi. Nyeupe ilizingira kila kipande, ukawa unaona wavu wa mistari na samaki humwoni. Nyeusi ilifanya buluu iwake lakini ikameza vipande vya buluu nzito vya mgongoni. Kijivu cha kati ndicho kilichoacha vipande vishikane machoni. Kwa mianya chini ya milimita 3 chukua grauti laini isiyo na mchanga. Yenye mchanga haiingii vizuri, na inakwaruza kioo.

5 Julai. Plasta ya zamani yang'olewa

Mpango ulikuwa kubandika juu ya plasta iliyopo. Nilipoupiga ukuta kwa mpini wa nyundo, nusu ya chini ilitoa sauti ya utupu, na kwenye ufa mmoja kulikuwa na unga mweupe. Niliupangusa, kesho yake ukarudi. Fundi alionja kwa ncha ya ulimi na kutema: chumvi. Plasta ile ilichanganywa kwa mchanga wa pwani.

Hili nalisisitiza kwa kila anayejenga ukanda huu. Mchanga wa ufukweni hata ukikaa mvuani bado una chumvi. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, inayeyuka, inasafiri na maji kuelekea uso wa ukuta, na maji yakikauka inaganda pale pale nyuma ya kipande chako. Hakuna gundi itakayoshinda msukumo huo miaka yote. Kazi ya miezi inaanguka kwa sababu ya mchanga wa bure.

Tulibandua plasta yote kwa tindo mpaka kwenye tofali, tukaosha ukuta kwa maji yasiyo ya chumvi mara kadhaa, tukauacha ukauke, kisha tukaukagua tena. Unga haukurudi. Plasta mpya ni sehemu moja ya simenti kwa nne za mchanga wa mtoni, na uso umekwaruzwa ili gundi ipate pa kushika. Mifuko miwili ya simenti 34,000, mchanga 30,000, fundi 60,000. Wiki ya kwanza tunaimwagia maji asubuhi na jioni chini ya magunia. Baada ya hapo inaachwa hadi itimize siku 28, maana plasta changa bado inanywea, na ikinywea na vipande vikiwa juu yake vinapasukia mianyani.

19 Julai. Tukisubiri plasta

Muda huu ni wa meza: kukata, kupanga rangi, na kuangalia waliotangulia walivyokikata kipande kidogo.

Warumi walipasua mawe kwa nyundo yenye makali juu ya patasi iliyosimikwa kwenye gogo, na mafundi wa Italia bado wanafanya hivyo. Picha ya mfalme Aleksanda Mkuu iliyofukuliwa Pompeii, mji wa kale wa Warumi, yenye upana wa zaidi ya mita tano, inakadiriwa kuwa na vipande milioni moja na nusu. Kule Fez, Moroko, mafundi wa zelliji, yaani mapambo ya vipande vya vigae, hukata kigae kilichopakwa rangi kwa nyundo nzito yenye ncha bapa, na upande wa nyuma wanaupunguza uwe mwembamba kuliko uso. Kwa hiyo nyuso zinagusana bila mwanya, huku nyuma chokaa ina nafasi ya kuingia. Na wao pia hupanga uso chini.

Kanisani San Vitale, mjini Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu 547, vipande vya kioo na dhahabu havikulazwa sawasawa. Vimeinamishwa kidogo huku na huku, kila kimoja kinatupa mwanga wake upande tofauti, na ukipita ukuta unacheza. Hili lilinisumbua wiki nzima, kwa sababu njia ya kinyume inaua mchezo huo. Nyuso zote zinakuwa tambarare.

Na kwetu pia kuna jambo la kutazama. Kunduchi na Mambrui kuna makaburi ya nguzo yaliyopandikizwa bakuli za Kichina, nzima nzima, kwenye chokaa. Waliotujengea pwani hii walijua kuwa kitu kilichochomwa na kupakwa kioo kikitiwa kwenye ukuta wa mawe kinang'aa jua linapokipiga, na kinadumu.

Uamuzi niliofikia ni kugawa kazi. Bahari, yenye mabaki ya unene tofauti na inayoguswa na mikono, itapangwa kinyume kwenye karatasi. Samaki atabandikwa moja kwa moja ukutani kipande kwa kipande, kwa kuwa vioo vyote vina unene mmoja, na mgongoni nitaviinamisha kidogo sana vipokee jua la asubuhi.

2 Agosti. Samaki angezama

Mgawo huo ulileta shida yake. Kauri ina milimita 9, kioo 4. Nilipovishika pamoja ukutani, samaki alikaa ndani ya shimo la milimita 5, na ukingo mkali wa kauri ukamzunguka pande zote.

Tuliliondoa kwa kuinua kitanda chake. Nilichora umbo lake ukutani, nikapaka gundi nyeupe ya unene wa milimita 5 ndani ya mchoro peke yake, nikaikwaruza kwa mwiko wenye meno na kuiacha ikauke. Sasa kioo juu ya kitanda na kauri juu ya ukuta vinafika usawa mmoja. Ukichanganya aina mbili kwenye kazi yako, pima unene kabla hujachora chochote.

9 na 10 Agosti. Mwelekeo wa mistari

Nilianza na mkia. Vipande vilipangwa kwa safu zilizonyooka, mlalo na wima, kama daftari la hesabu. Kila kipande kilikuwa safi na rangi zilikuwa sahihi, lakini samaki alikuwa mfu. Nilivibandua vyote gundi ikiwa bado mbichi, nikavitia kwenye ndoo.

Safu ya kwanza inapaswa kufuata mstari wa nje wa mwili, pande zote, kuanzia mdomoni hadi mkiani. Ya pili inafuata ya kwanza, na hivyo hivyo kuelekea katikati. Safu zinapobanana unakata kipande chembamba, zinapoachana unakata kabari. Hapo mwili unaviringika wenyewe bila kubadili rangi. Nje ya samaki pia, safu ya kwanza ya bahari inamfuata samaki, na ndipo safu zinazofuata zinaanza kulala. Safu hiyo moja ya bahari inamtoa samaki ukutani kuliko mstari wowote mweusi.

Buluu nimezichanganya. Mgongo una sehemu kubwa ya buluu nzito, tumbo buluu hafifu, lakini kila mahali nimetia vipande vichache vya nyingine mbili. Buluu moja tupu, hata iwe nzuri vipi, ukiwa mbali inaonekana rangi ya kopo.

Buluu ya kati iliisha kabla ya pezi la pili. Karatasi mbili za nyongeza, 18,000 na 7,000 za basi, zilifika zikiwa na namba ileile ya rangi lakini zilitoka chungu kingine kiwandani, zimeelekea kijani kidogo. Zingewekwa pamoja pezini, pezi lingeonekana limeazimwa. Nilichanganya vipande vipya na vya zamani vilivyosalia kwenye beseni moja na kuvisambaza kwenye mapezi yote na chini ya tumbo. Tofauti imepotea. Anayeanza afanye hivyo mapema: nunua vya ziada mara moja, na changanya maboksi yote kabla ya kukata.

16 Agosti. Madoa na jicho

Watoto walileta sahani na vikombe vyeupe vilivyovunjika ili viwe madoa. Vikombe havikufaa. Vimepinda, na kipande kilichopinda kikilazwa kinaacha ncha mbili zilizoinuka, zenye makali. Vitako vya sahani ni tambarare, vikakubali. Kingo zote nilizisugua kwa jiwe la kunolea lililolowa hadi zikaacha kukamata uzi wa kitambaa. Kipimo hicho cha kitambaa nakipendekeza kwa kazi yoyote ambayo mtoto ataigusa.

Madoa hayakupangwa kwa kipande cha mraba. Kila doa ni vipande vitatu hadi vitano vilivyovunjwa ovyo, na buluu zimekatwa kuvifuata. Jicho ni kipande kimoja cha kioo cha kijani, nilichokitafuna pembeni kwa koleo mpaka kikawa duara. Vingi vilivunjika kabla hakijapatikana hicho. Kutafuna duara kunataka uvumilivu wa kuondoa punje ndogo sana kila mara.

Mama mmoja anayepika uji wa shule alisimama nyuma yangu akasema, "Mwalimu, huyo sasa anatuona." Mimi si mwalimu, lakini nilifurahi.

23 Agosti. Bahari, na karatasi iliyochelewa

Karatasi ya kaki na unga, 8,000. Bahari ilipangwa juu ya mchoro uliogeuzwa, kushoto kuwe kulia, maana kila kitu kwenye karatasi kitatazama upande wa pili kikifika ukutani. Karatasi nilizikata vipande vya ukubwa wa sinia na kuvipa namba. Kipande kizito kuliko hapo kinateleza ukutani kwa uzito wake.

Karatasi ya kwanza iliwekwa saa nne asubuhi. Jua lilikuwa ukutani, gundi ikashika kabla uji haujalainika. Karatasi ilipotoka, safu moja ilikuwa imehama na haikusogea tena. Ilibidi itolewe kwa tindo ikiwa ngumu, na vipande kadhaa vikafa nayo.

Tangu hapo kazi ilifanyika baada ya alasiri, turubai likiwa limetundikwa juu, na ukuta umelowanishwa kidogo kwa brashi. Paka gundi eneo la karatasi moja tu. Pachika, gonga taratibu kwa ubao bapa, kisha lowanisha karatasi kwa sponji mara mbili. Baada ya robo saa hivi karatasi inabadilika rangi yote. Ibandue kwa kuivuta sambamba na ukuta, usiivute kuelekea kwako, la sivyo inakuja na vipande. Gundi bado laini, kwa hiyo kipande kilichopinda kinarudishwa kwa ncha ya kisu. Osha uji uliobaki usoni siku hiyo hiyo.

6 Septemba. Grauti

Kilo nne za kijivu, 16,000. Siku moja kabla nilipitia mianya yote kwa msumari kuondoa gundi iliyopanda. Gundi nyeupe ikibaki mwanyani inatokeza kama doa katikati ya kijivu.

Hatari ya hatua hii ni maji. Sponji yenye maji mengi inafua rangi ya grauti, na ikikauka unapata mabaka. Kamua sponji mpaka isidondoshe, pitisha mshazari wa mianya, geuza upande, suuza. Ukungu mweupe unaobaki juu ya vioo usiuoshe kwa tindikali. Tindikali inakula grauti changa. Uache ukauke, kisha sugua kwa gazeti na kitambaa kikavu.

Kwenye mabomba na pembeni mwa ukuta sikuweka grauti. Nimeacha milimita 5 na kujaza silikoni, 9,000, kwa sababu bomba linatikiswa kila siku, na grauti ngumu pale ingepasuka na kuingiza maji nyuma.

Jumla ya gharama zote ni shilingi 431,000. Kubwa kuliko zote ni ukuta wenyewe, 124,000 kwa simenti, mchanga na fundi wa plasta. Vioo na usafiri wake vyote ni 104,000.

15 Novemba. Baada ya mvua za vuli kuanza

Nimepita na mpini wa nyundo, nikigonga kila sehemu. Bahari yote inatoa sauti nzito. Hakuna unga mweupe. Kwenye pezi la mkia, vipande vitatu vilivyoinamishwa sana vilikuwa vimelegea, kwani nyuma yao gundi haikufika pembe ya chini. Vingine vyote vya mgongoni vimeshika. Kwa kuinamisha, basi, paka gundi mgongoni mwa kipande chenyewe pia, isiwe ukutani tu, na usizidishe milimita moja kati ya ncha na ncha.

Kubadilisha kipande ni hivi: chimba grauti inayokizunguka kwa ncha ya chuma, kivunje katikati kwa tindo ndogo ukielekeza ndani, toa vumbi, lowanisha, paka gundi, weka kipya. Grauti siku inayofuata. Vipande vya akiba vya kila rangi viko kwenye makopo ya maziwa ofisini kwa mwalimu mkuu, vimeandikwa, pamoja na kilo moja ya grauti ileile. Koleo nimeliacha huko pia, kwa fundi atakayefuata.